Madai ya Dhamana Kuhusu Mdogo Wako na Giaboksi Yake

Kumb. Na. NYB/MUME/GB/01
Jumanne, asubuhi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ukoo,
ambaye pia ni Wifi yangu,

YAH: KUDAI DHAMANA YA MDOGO WAKO

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini kwa kuwa nakufahamu, najua umekwisha kuanza kucheka. Nakuomba ucheke umalize, uvae miwani, kisha uendelee. Ningeweza kukupigia simu kama siku zote. Tatizo la simu ni kwamba mdogo wako akisikia sauti yako huja mbio, huipokonya, na dakika arobaini zinazofuata unaelezwa habari za oili. Ndiyo maana nimeamua kutumia maandishi, njia niliyoitumikia miaka thelathini na moja nikiwa mhazili na mtunza majalada, na ambayo haijawahi kuniangusha.

Kwa ajili ya kumbukumbu, mdogo wako alistaafu ukaguzi wa mizani mwaka juzi. Kazi ile unaijua. Kila Jumatatu alifunga begi, akaenda kupima mizani za wenye maduka kwenye miji ya watu, akarudi Ijumaa, au Ijumaa ya wiki iliyofuata. Wenye maduka walimwita Bwana Mizani, na wengine wakimwona kona ya mtaa walifunga duka. Mimi nilimwona mwisho wa juma, akiwa amelala. Ndoa yetu ilikwenda vizuri sana kwa mpangilio huo na sina lalamiko lolote kuhusu kipindi kile. Alipostaafu, alikaa nyumbani. Alikaa kweli: kiti cha dirishani, redio, kikombe cha chai. Nikimuuliza ameamkaje, anasema salama. Nikimuuliza atakula nini, anasema chochote. Hivyo hivyo mwaka mzima. Nyumba ilitulia kiasi kwamba nilikuwa nasikia friji inapojizima. Nayaandika haya ili ujue nyumba niliyonyang'anywa ilikuwa ya namna gani.

Miezi mitano iliyopita, Jumamosi, tukitoka sokoni, gari letu lilishindwa kupanda kile kilima cha duka la mikate. Gari lenyewe unalijua, lile refu la kijivu ambalo injini inavuta magurudumu yote manne, na ambalo ni rika moja na binti yetu. Injini iliunguruma, gari likasimama. Akakanyaga zaidi, injini ikaunguruma zaidi, na gari likaanza kurudi nyuma taratibu, kwa adabu. Fundi wa gereji ya jirani alikuja, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanusa, akasema giaboksi imekufa, oili imeungua, hapo ni kubadilisha tu, gari lije Jumatatu na Alhamisi tukalichukue. Siku nne. Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Mdogo wako akamshukuru sana, akasema hapana, ataibadilisha mwenyewe, muda anao. Wifi, nilimtazama usoni. Mtu ambaye gari limemfia njiani, na nyanya zinaiva kwenye buti, alikuwa anatabasamu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Meza ya chakula.

Kuishusha giaboksi kutoka kwenye gari kulichukua jeki mbili, matofali kumi na sita na wiki mbili. Nilitarajia ikishashuka itabaki uani na uchafu wake. Mdogo wako akasema ndani yake mna vinjia vya oili vyembamba kama uzi, na chembe moja ya vumbi ikiingia humo kazi yote ni bure. Akazunguka nyumba nzima akitafuta mahali pasipo na vumbi, akipitisha kidole kila mahali kama alivyokuwa akifanya kwenye sahani za mizani. Mahali palipopatikana ni meza yangu ya chakula. Nakiri kwamba aliponiambia hivyo nilijisikia vizuri kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha wanaume wanne wakaiingiza ndani.

Ipo pale tangu siku hiyo, juu ya blanketi la wageni. Kilichobaki cha meza ni pembe moja ya upande wa jikoni, na hapo ndipo tunapolia chakula, bega kwa bega, viwiko vikigongana. Tangu tuoane mimi nilikaa mwisho huu wa meza na yeye mwisho ule, kila mtu na kikopo chake cha chumvi. Sasa kikopo ni kimoja, na ananisogezea kabla sijaomba. Nadhani utakubali kwamba huku ni kurudishwa nyuma kimaisha.

2. Vyombo vyangu, na kazi za ofisi nilizokwisha kustaafu.

Trei yangu ya kuokea keki ndogo, yenye vishimo kumi na viwili, imejaa bolti. Chujio la chai linachuja oili. Kibano cha nyusi, ambacho sikujua kama anajua kinapokaa, kinatolea springi. Hayo ningeweza kuyameza. Lakini nilipopita mezani nikaona alivyoandika vibandiko vya vipuri vyake, damu ilinichemka. Kimoja kiliandikwa "kidude". Cha pili kiliandikwa "kidude kingine". Cha tatu kiliandikwa "angalia kile cha jana".

Wifi, mimi ni mtu wa majalada. Siwezi kula chakula mbele ya kibandiko cha namna hiyo. Nilijaribu siku tatu. Siku ya nne nikafungua rejesta, nikaichora mistari kwa rula: namba ya kipuri, mahali kilipotoka, kilikuwa kimeelekea wapi, kimewekwa kishimo gani, nani amekitoa, saa ngapi. Mpaka leo rejesta ina vipuri mia mbili na kumi na vinne na haijapotea hata washa moja ya bolti. Sikulipwa posho wala sikuandikiwa barua ya uteuzi. Na mdogo wako sasa hawezi kugusa kitu bila kuniita, eti masjala imefungwa, tumsubiri mwenye funguo. Nimegeuzwa mtumishi upya, na likizo sina.

3. Maneno.

Mtu wa "salama" na "chochote" amefunguka kama bomba. Anaanza na chai ya asubuhi. Anaeleza jinsi oili inavyosukuma, jinsi oili inavyobana sahani za klachi, jinsi gari linavyoamua lenyewe kubadili gia bila mtu kulishika. Siku moja alinieleza gia za ndani kwa kutumia mfuniko wa sufuria kubwa, bilauri tatu na chungwa: chungwa katikati, bilauri zinalizunguka, mfuniko unazizunguka bilauri. Ukikamata chungwa, kinatokea hiki. Ukikamata mfuniko, kinatokea kile. Sikuomba kuelewa. Nilielewa tu, kama mtu anavyoweza kuloa akipita kwenye mvua.

Athari zake zimeonekana hadharani. Katika kikao cha akina mama wa mtaa wetu, mweka hazina alilalamika kwamba wanachama wana ari kubwa lakini kazi haiendi. Nikasimama nikasema ari ni injini, na injini haina kosa, kinachoteleza ni klachi katikati. Kisha wakanichagua katibu.

4. Mizani, na kosa ambalo angeweza kulifanya mtu mmoja tu katika nchi hii.

Baada ya kuichambua giaboksi yetu, ikaonekana sahani za ndani zimeungua mpaka zimebaki chuma kitupu, na kasha lenyewe lina ufa. Ikabidi itafutwe nyingine iliyotoka kwenye gari kama letu. Tukaenda kwenye yadi ya magari yaliyokufa. Muuzaji wa pale, mtu mwema, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, akamwonyesha giaboksi akasema hii ndiyo yenyewe, gari aina ileile. Kibati cha namba kilikuwa kimeliwa na kutu. Mtu mwingine angeuliza maswali. Mdogo wako alirudi kwenye pikapu tuliyokodi, akatoa mizani ya jukwaa aliyopewa kazini siku ya kuagwa, akaipima.

Uzito ulitofautiana na wa giaboksi yetu, ambayo alikuwa ameipima nyumbani ikiwa imemwagwa oili, kwa gramu arobaini. Alinieleza kwamba tofauti hiyo ni ndogo kuliko inayoruhusiwa kisheria kwa mizani ya duka la nafaka. Akaandika cheti. Akakitia sahihi. Muuzaji alikiangalia kile cheti akavua kofia. Katika maisha yake yote hakuna mteja aliyewahi kumhakikishia kwamba mali yake ni halali.

Tuliifunga kwa wiki tatu. Nimeandika "tuliifunga" kwa makosa ya kalamu. Aliifunga, mimi nilishika taa na kusoma rejesta kwa sauti. Siku ya kuijaribu gari liliwaka, likatoka getini likiwa limenyooka, nami nikapiga makofi. Lilipofika kwenye kona likaanza kuruka. Linakwenda, linajivuta, linaruka, tairi zinalia kwenye lami, mithili ya mtu anayevutwa shati na mtoto. Mtaa wa pili likaanza kunuka. Fundi wa gereji alikuwa amesimama mlangoni kwake na bilauri ya chai, akituangalia tunavyopita tukirukaruka. Akatusimamisha kwa mkono. Akasema, "Mzee, mbele na nyuma hawapatani hapo. Meno ulihesabu?" Mdogo wako akamjibu kwamba aliipima. Fundi akauliza aliipimaje. Akaambiwa. Fundi akainama akaiweka bilauri yake chini kwanza, polepole, ndipo akacheka.

Kumbe magari ya namna hii, gia inayopeleka nguvu mbele lazima ipatane na difu, yaani lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, inayopokea nguvu nyuma. Meno yakitofautiana kidogo tu, magurudumu ya mbele yanaambiwa twende, ya nyuma yanaambiwa subiri, na gari linajipigania lenyewe mpaka kitu kiungue. Giaboksi mbili zinaweza kulingana sura, kasha na uzito, na zikawa haziwezi kuishi na difu moja. Mdogo wako alirudi nyumbani kwa miguu. Alikaa kwenye ngazi za mlango wa jikoni, mikono magotini, akasema amekagua mizani za watu miaka thelathini na tano akiwaambia wasiamini macho yao, waamini uzito. Nilikaa naye pale, kwa sababu nilikuwa nimechoka na ngazi ndizo zilizokuwa karibu.

5. Kutumikishwa yadini na kupewa cheo bila utaratibu.

Juma lililofuata giaboksi ilirudishwa yadini. Zingatia hapa, Mwenyekiti, kwa maana ndipo dai langu linapoegemea: muuzaji aliipokea bila ubishi. Alisema alitoa dhamana ya siku thelathini, siku ya kujaribu gari ilikuwa ya ishirini na tano, akatuambia tuchague nyingine.

Safari hii nilikwenda na chaki. Utaratibu, kama hujawahi kuufanya, ni huu: mmoja anazungusha upande wa nyuma wa giaboksi kwa mkono, mwingine ameweka alama ya chaki upande wa magurudumu ya mbele na anahesabu nyuma imezunguka mara ngapi mpaka alama irudi mara kumi. Difu ya gari letu tulikuwa tumeihesabu nyumbani: magurudumu yakizunguka mara kumi, shafti, ile nondo inayoleta nguvu nyuma, inazunguka mara arobaini na moja na ushee. Ile giaboksi ya cheti ilitoa arobaini na nne. Tulikaa juu ya makreti tangu asubuhi mpaka saa tisa. Yeye akizungusha, mimi nikihesabu. Alitaka kuhesabu yeye, nikamwambia mtu aliyepima giaboksi kwenye mizani hahesabu kitu mbele yangu. Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka na mabega.

Ya kwanza haikufaa, ya pili haikufaa, ya tano ilikuwa imevunjika ndani. Ya sita ikatoa arobaini na moja na ushee. Nikahesabu tena. Nikamwambia ndiyo. Muuzaji akamuuliza yeye, kama ilivyo kawaida ya watu wa maduka kumuuliza mwanamume, kama ana hakika. Mdogo wako akamjibu, "Fundi amesema ndiyo hii. Akishasema Fundi, mimi ni nani?" Aliyekuwa akitajwa ni mimi. Mbele ya mtu wa kofia na watu wawili waliokuja kutafuta milango. Sikuwa nimeomba cheo hicho, sikufanyiwa usaili, na mpaka leo hajakifuta. Ananiita hivyo hata tukiwa peke yetu.

6. Anapiga mluzi. Sina la kuongeza hapo.

7. Picha.

Nafahamu umeiona, kwa sababu binti yetu aliituma kwa ukoo mzima kabla hajatusalimia. Alikuja Jumapili bila taarifa, akabisha, akakuta nyumba wazi, akaita, kisha akaenda uani akaona miguu minne imetoka chini ya gari, miwili ikiwa na kandambili zangu za njano. Maelezo rasmi ni haya: nilikuwa nimeingia chini ya gari kumwita mdogo wako akanywe chai. Binti yetu anasema alisimama pale robo saa nzima na hakuna aliyetaja chai. Anasema pia kwamba nilikuwa nimevaa koti la ukaguzi la baba yake, na kwamba nilimwagiza mzee anipe spana ya kumi na nne, siyo ya kumi na mbili, amerudia kosa lilelile. Haya ni maneno ya upande mmoja. Koti nililivaa kwa sababu lina mifuko.

MAOMBI

Kwa kuzingatia yote hayo, naomba sasa kudai dhamana.

Utakumbuka kwamba siku ya harusi yetu, miaka ishirini na tisa iliyopita, ulisimama ukiwa mkubwa wao, ukashika kipaza sauti na kusema: "Huyu tumekupa. Akikusumbua usihangaike naye, turudishie sisi wenyewe, mlango wetu uko wazi." Watu walipiga vigelegele. Nilikuwa bibi harusi, ndiyo, lakini nilikuwa pia mhazili, na maneno yale niliyaandika kwa hati mkato nyuma ya kadi ya zawadi. Kadi ninayo. Ukomo wa dhamana hukuutaja, na barua za namna hiyo nimezichapa nyingi kazini kiasi cha kujua kwamba asiyetaja ukomo ndiye anayebanwa.

Ikiwa mtu wa yadi, ambaye hanijui na anayeuza vitu vilivyotoka kwenye ajali, anaweza kupokea mzigo wake na kutoa mwingine, sioni kwa nini ukoo wenye heshima kama wenu ushindwe. Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo yatekelezwe ndani ya siku kumi na nne.

Kwanza, mdogo wako apokelewe kwenu. Nitamkabidhi akiwa msafi, oili imefutwa, viungo vyote vimo, isipokuwa jino moja la juu ambalo nililikuta halipo. Rejesta yake itaambatanishwa.

Pili, nipewe mwingine wa ukoo huohuo anayelingana na nyumba iliyopo, ili nisilazimike kubadili na mazoea ya nyuma. Nimewapitia ndugu zako waliobaki kwa uangalifu. Anayemfuata huyu ni mtu mzuri, lakini anasimulia ndoto zake. Kitinda mimba ana umri unaofaa na mgongo mzima, ila siku ile alipokuja kutusaidia kubeba giaboksi alisema wanawake wakae kando, na nikakaa kando, na vidole vyake vikabanwa. Sikuona haja ya kuendelea kumchunguza.

Tatu, kwa kuwa mbadala anayefaa hajapatikana, na haelekei kupatikana, naomba mdogo wako akae kwenu wiki sita tu, awafungulie nyote habari za oili, mumchuje maneno, mumkaze mahali palipolegea, kisha arudishwe akiwa katika hali niliyokuwa nikimpata siku za Ijumaa: mchovu, mstaarabu, mwenye begi mkononi. Akae kwenye kiti cha dirishani. Mimi nikae upande wangu. Kila mtu awe na chumvi yake, maisha yaendelee.

Nne, ikiwa hilo nalo halitawezekana, basi uje wewe. Lete nguo zako, ukae hapa uone kwa macho yako, na uje na viatu visivyoteleza. Meza haina nafasi lakini pembe yetu inaweza kuongezwa kigoda.

Ni matumaini yangu kwamba suala hili utalishughulikia kwa uzito unaostahili, bila kulipeleka kwanza kwenye kundi la ukoo la simu. Wasalimie shemeji, watoto, wajukuu, na yule shangazi anayeuliza kila mara kama bado tunalo lile gari. Mwambie tunalo, limelala juu ya matofali na halijambo. Msalimie na jirani yako wa ghorofa ya juu, ingawa hatusalimiani.

Wako katika utumishi wa ndoa,

Mke wa Mdogo Wako,
Mhazili Mstaafu

Nakala: Jalada

NYONGEZA (Ijumaa, asubuhi)

Barua hii haikutoka Jumanne kwa sababu posta ilikuwa imefungwa, na Jumatano kwa sababu ilikuwa siku ya kufunga giaboksi ya sita, na kuna bolti mbili za juu ambazo mkono wake hauingii ila wangu.

Jana gari lilishuka kutoka kwenye matofali. Limewaka. Tumekwenda mpaka kilima cha duka la mikate, limepanda bila kulazimishwa. Tumekata kona zote za mtaa, kulia na kushoto, halikuruka hata mara moja. Fundi wa gereji alitupungia mkono kwa adabu. Mdogo wako aliliegesha, akazima, akanawa mikono kwa sabuni mara tatu, akasafisha meza, akanirudishia trei ikiwa inang'aa. Kila kitu nilichokiomba humu ndani nikawa nimekipata kabla hata ya kubandika stempu.

Jioni alisoma gazeti lote, mpaka matangazo ya zabuni. Mimi nikashona kifungo ambacho hakikuwa kimelegea. Tuliagana saa tatu, tukalala. Wifi, nikuambie kweli, niliogopa. Niliogopa kuliko siku ile gari liliporudi nyuma na sisi tukiwa ndani.

Naomba basi hatua yoyote isichukuliwe juu ya barua hii. Naituma kwa sababu imekwisha kupewa namba, na sijawahi kutupa barua yenye namba. Ukimaliza kuisoma ifunge, usimwonyeshe mtu, na kama ulikuwa unafikiria kuja Jumamosi, ahirisha, hutatukuta ndani.

Asubuhi hii, nikimmiminia chai, nimemwambia kwamba jana tulipokuwa tunapanda kilima nilisikia mlio. Ameweka kikombe chini. Ameniuliza ni mlio wa namna gani, wa mbele au wa nyuma, wa kukwaruza au wa kuvuma. Nimemwambia sina hakika, huenda ikabidi tufungue tena tuone. Amesema, "Kama Fundi amesikia, basi upo," akaenda kutafuta jeki.

Gari ni zima kabisa. Sikusikia mlio wowote.